Kopo la Amisi kwenye Visiwa vya Lualaba

Niliondoka Kasongo kwa sababu ya ubishi. Wengine husafiri kwenda kwenye matibabu, wengine kwenye kilio. Mimi Mwamini, mshona nguo wa sokoni, mwanamke mzima mwenye cherehani yangu, nilisafiri kwa sababu mdogo wangu Amisi alinicheka kwenye simu.

Amisi alikuwa Salamabila, akichimba dhahabu. Alikwenda kwa msimu mmoja, akakaa misimu juu ya misimu. Mama akimuuliza atarudi lini, jibu ni lile lile: "Nikipata, mama." Mama naye shamba lake la karanga lilikuwa limeanza kumshinda. Magoti yamechoka, na mikono yangu mimi ni ya sindano, si ya jembe. Halafu tukasikia shimo moja limeporomoka jirani na lao, mwenzake akatolewa akiwa hai kwa bahati tu. Tangu siku hiyo mama hakula akashiba. Anamega ugali, anausahau mkononi.

Nikampigia. "Amisi, rudi. Utakufa mu ile shimo."

Akacheka! "Yaya," akaniita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "ni weye unanifundisha mambo ya kwenda na kurudi? Weye hata Lualaba haujavuka!"

Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliniuma. Mto wenyewe nimeuona, lakini ng'ambo sijawahi kukanyaga. Maji mengi namna ile mimi siyapendi.

"Vuka basi," akasema. "Makopo yangu mawili iko mu visiwa. Ulete foto ya kila moja. Ukizipata zote mbili, naweka sururu chini, narudi kulima na mama."

"Unaapa?"

"Naapa kwa jina la mama."

Nieleze makopo hayo ni kitu gani. Kabla ya dhahabu, Amisi alimsindikiza mgeni mmoja aliyekuwa akizunguka visiwani kwa baiskeli, na huyo akamfundisha mchezo. Unachukua kopo, unatia vitu vidogo ndani, unalificha. Simu inasoma namba za mahali hapo kutoka angani, wewe unawapa wenzako namba, wao wanakwenda kutafuta. Atakayelipata anachukua kitu kimoja na kuacha kingine, kisha analirudisha palepale. Niliposikia mara ya kwanza nilisema watu wengine hawana kazi. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nimeshika zile namba.

Mipango yangu ilikuwa ya mtu asiye na pesa. Baiskeli, ambayo sisi tunaita kinga, niliazima kwa jirani yetu muuza mawese. Ilinuka mafuta kila mahali, na breki yake ilikuwa ndala: ukitaka kusimama unakandamiza gurudumu kwa mguu. Nikafunga mchele, chumvi, samaki wa moshi na sabuni za kuwapa wenyeji, maana huendi kulala kwa watu mikono mitupu. Sindano na uzi vilikwenda pia. Simu haikuhitaji mega za intaneti kuonyesha mshale wa kuelekea kwenye kopo, ilihitaji moto wa betri tu, basi nikaizima mpaka nitakapoihitaji.

Jumatatu asubuhi nikatoka, mama amesimama mlangoni. Sikumwambia habari ya kiapo. Nilimwambia nakwenda kutafuta vitenge. Akaniangalia, akaangalia kinga, akasema, "Nenda na Mungu. Na huo uongo wako uuache njiani."

Barabara ya kwenda mtoni ilikuwa vumbi jekundu tupu, kiangazi kimekaza. Pikipiki zilinipita zikiniachia wingu la kumeza. Wanaume waliokuwa wakisukuma kinga zenye madumu ya mawese walinicheka. "Mama, unakimbia bwana?"

"Namufuata!" nikawajibu, wakacheka zaidi, na mmoja akanisaidia kupandisha kilima.

Mtoni tulingoja baki, kile kivuko cha chuma kinachobeba magari na watu. Kilikuwa ng'ambo, na hakikuwa na haraka. Kilipofika nikaingia nimeshika kinga kwa mikono miwili, macho nimeyafumba. Mama mmoja mwenye mbuzi akanigusa bega. "Fungua macho, mama. Ukifumba, mto unakuwa mukubwa zaidi." Nikafungua. Jamani, Lualaba ni pana! Maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda polepole kama mtu mwenye mali. Moyo ulidunda mpaka katikati, kisha ukachoka kudunda. Niliposhuka ng'ambo nilitaka kumpigia Amisi nimtukane kwa furaha, ila hapakuwa na mtandao.

Mchana huo Salumu, mwenye mtumbwi, akalaza kinga yangu juu ya magogo ya kukalia, akanipeleka kisiwa cha kwanza. Nikawasha simu. Nikaanza kutembea polepole, macho kwenye mshale, macho chini, macho kwenye mshale. Nilipogeuka niliona watu wananifuata. Watu wazima, na majembe yao!

"Mama," akaniuliza mmoja kwa heshima zote, "iko zahabu hapa?"

"Hapana, baba. Natafuta kopo."

"Kopo ya zahabu?"

Ungefanya nini? Kwetu huku, mtu anayetembea akiangalia chombo na ardhi kwa zamu hana kazi nyingine. Wakanizunguka. Mshale ukafikia kichuguu, nikapeleka mkono kwenye tundu lililozibwa kwa jiwe, nikavuta kopo la maziwa ya unga. Nikafungua mbele yao: goroli moja, vizibo vya chupa, kitana kilichovunjika meno. Yule baba akatazama ndani, akanitazama usoni, akasema, "Mama, pole sana kwa safari." Tulicheka mpaka mmoja akaketi chini. Nikachukua goroli, nikaacha kifungo kizuri cha shati, nikapiga foto. Kwao ndiko nilikolala.

Jumanne tukavuka kwenda kisiwa cha pili. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda nusu. Njia ilipita kwenye mchanga mgumu na majani marefu, kinga ikateleza vizuri, nami nikaimba. Kisha mshale ukanifikisha ukingoni, ukaendelea kuonyesha mbele. Mbele kulikuwa na maji. Nikarudi nyuma, nikaja kwa upande mwingine. Maji. Ukingo ulikuwa umekatwa wima kama mkate, mizizi inaning'inia hewani. Kisiwa kilikuwa kimeliwa na mto, na namba za Amisi zilikuwa ndani ya Lualaba.

Nikakaa chini nikalia. Sioni haya kusema. Nilimwona mama na lile tonge lake mkononi.

"Unalilia nini mu majani yangu?" Alikuwa mwanamke wa rika langu, kikapu kichwani. Jina lake Mama Feza. Yeye na mume wake, Papa Yuma, walilima na kuvua palepale. Nikamweleza kila kitu, kopo, kiapo, shimo la Salamabila. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatua kikapu.

"Ile kopo yenye jina kwenye kifuniko? Amisi?"

Nikaruka. "Ndiyo! Iko wapi?"

"Iko kwangu. Mto ulianza kula hapa, bwana yangu akaiona inataka kuanguka. Tukaiweka. Ni amana ya mutu."

"Aksanti, mama! Nipatie basi, nipige foto moja tu."

"Weye ni Amisi?"

"Mimi ni yaya yake. Tumbo moja!"

"Tumbo moja hapana mutu moja," akasema, akajitwika kikapu chake. "Kitu kilichowekwa kinatolewa kwa mwenyewe. Hata kukifungua tena, ni mbele yake. Karibu nyumbani, utakula."

Nilikasirika, msiniulize. Nilimwonyesha picha ya Amisi kwenye simu, nikamtajia majina ya babu zetu, nikamwambia ni kopo tupu la maziwa, si kiti cha mfalme. Alinipikia ugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kuvuliwa siku ileile, akaninawisha mikono, akaniita dada, na hakunipa kopo. Papa Yuma akajaribu kunituliza. "Hata miye simushindi huyu," akasema.

Asubuhi iliyofuata Mama Feza akanishika mkono. "Nisikuache na hasira. Kopo hautaiona, lakini njoo uone kitu." Akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye ghala lao dogo la miti. Ndani kulikuwa na gunia lililoshonwa mdomo, peke yake, juu ya matete, na chini yake majivu ya kufukuza mchwa.

"Siku ya kuiokota tuliifungua mara moja, kuona kama iko kitu ya kuoza. Mu kopo mulikuwa karanga, kiganja kimoja," akasema. "Nyekundu, nzuri. Karanga ukiiweka tu inakufa, inaliwa na wadudu. Sasa mwenyewe akija nimurudishie vumbi? Tukaipanda. Msimu ukaisha, hakuja. Tukapanda tena. Nusu tulichukua kwa jasho yetu, nusu yake ni hii. Na ile shamba pale chini ni yake, inangoja mvua."

Nikapapasa mshono wa gunia. Nilimtukana moyoni usiku mzima, na yeye alikuwa amemlimia ndugu yangu misimu yote hiyo bila kumjua sura.

Tukapanda kichuguu kirefu, ndipo mtandao ulipo. Nikampigia Amisi. Nilipomwambia sikupewa kopo alipiga kelele za furaha kwa wenzake shimoni. "Yaya umeshindwa! Moja kwa mbili!"

Mama Feza akaichukua simu. "Weye ndiye Amisi? Uliacha kitu yako kwangu bila kuaga. Ulilelewa na nani?"

Kelele zikaisha. "Samahani, mama. Basi umupatie yaya yangu."

"Sauti kila mutu iko nayo. Siku hizi wezi ndio wanajua kuongea mu telefone. Njoo na uso. Na ulete kinga yenye nguvu, kitu yako imekuwa kubwa."

"Kubwa namna gani?"

Mama Feza akanitazama, nami nikatikisa kichwa. Namjua mdogo wangu: ukimtajia karanga atasema kuleni. Akakata simu bila kumjibu. Mtu akaaye na wachimbaji hawezi kulala na swali kama hilo.

Nilingoja kisiwani kwao. Nilishona mashati ya Papa Yuma na nyavu zake, nikajifunza kupiga kasia vibaya. Kila machweo nilijiuliza kama atakuja, na akija, kama hatageuza palepale akarudi zake shimoni.

Alikuja siku ya mawingu ya kwanza. Pikipiki kutoka Salamabila, Lusangi, Kasongo, baki, kisha mtumbwi wa Salumu. Amekonda, mashavu yameingia ndani, tochi ya wachimbaji bado ameivaa kwenye paji la uso mchana kweupe. Tulikumbatiana, nikasikia mbavu zake.

Mama Feza hakumkaribisha kiti kwanza. "Ulitia nini mu kopo?"

"Karanga za mama yangu. Filimbi. Na kifungo nilichomuibia yaya."

"Mwizi mkubwa!" nikasema.

Ndipo kopo likatoka. Filimbi ilikuwemo, kifungo kilikuwemo. Kisha Papa Yuma akaburuta lile gunia, akakata uzi, na Mama Feza akaeleza upya, polepole. Amisi alipiga magoti kando ya gunia. Alichukua ganda moja, akalipasua, akatafuna. Machozi yakamtoka huku anatafuna.

"Hizi ni za mama," akasema. "Zinanoga vile vile." Kisha akamuuliza Mama Feza, "Mvua iko karibu. Ile shamba bado na majani?"

"Tele."

"Jembe iko wapi?"

Nilipiga foto ya kopo kama tulivyokubaliana, lakini hakuna aliyeiulizia. Kwa siku tulizobaki alilima lile shamba, akasia mbegu, akawaachia mavuno yake yote wao.

Tulirudi Kasongo tukisukuma kinga kwa zamu, gunia limefungwa nyuma ya kiti. Kwenye baki nilisimama ukingoni kabisa, macho wazi. Nilijifunza mambo machache, na la maana ni hili: nilidhani Mama Feza ananizuia kumrudisha ndugu yangu. Angenipa kopo siku ile, ningepata foto, na Amisi angepata namna ya kukwepa kiapo, namjua. Alichokosa nguvu ya kukikwepa ni wema wa mtu ambaye hajawahi kumwona.

Mama alitupokea uani. Alimshika Amisi uso, akamgeuza huku na huku, akapitisha kidole penye alama nyeupe iliyoachwa na mkanda kwenye paji.

"Na tochi yako ya kuchimbia?"

"Nimeiacha kisiwani, mama. Bwana wa Mama Feza anavua usiku."

Mama akasita. "Umeiacha amana?"

"Hapana, mama," Amisi akasema. "Nimewapa."

Mama akachota karanga kiganja kizima kutoka kwenye gunia, akakaa nazo chini, akala.