Aliniita "Niece" Dirishani, Sasa Anataka Niseme Gracia ni Dada Yangu

Admin, nifichie jina, na kama utaweka picha weka ya maua, maana huku Durban sisi Wakongo tunajuana wote. Mimi ni binti wa miaka ishirini na nne, kwetu ni Uvira, kazi yangu kusuka nywele mjini. Jambo hili nimelibeba miaka mitano na sasa limenifika shingoni.

Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Nilikuja Afrika Kusini na mdogo wake, yaani baba mdogo, mimi nikiwa na miaka tisa na binti yake Gracia minne. Tukaandikwa kwenye dosiye moja ya ukimbizi, yaani faili moja, watu watatu tu. Mke wake alikuja baadaye na dosiye yake.

Sasa nisikilizeni kwenye habari ya majina, kisa chote kiko hapo. Kwetu mtoto si lazima apewe jina la baba, kila mtoto ana lake. Mimi nilipozaliwa, baba alinipa jina la huyu mdogo wake kwa sababu alimpenda sana. Gracia alipewa la bibi yake mzaa mama. Kwa hiyo kwenye karatasi za hapa mimi ndiye ninayeonekana mtoto wa baba mdogo, na Gracia kama wa jirani. Tulikuwa tunachekea jambo hilo mezani. Mimi nilimwita papa, naye aliniita "Majina", ndivyo kwetu unavyomwita somo wako, mtu mwenye jina lako.

Nilipomaliza matric, mtihani wa mwisho wa sekondari, nikapata nafasi ya kusomea dawa chuo kikuu cha serikali, huko Westville. Utaratibu ni kwamba mkimbizi mwenye karatasi kamili analipa ada ya wenyeji. Asiyekuwa nayo anahesabiwa mgeni, na ile ada ya wageni sisi tunaisoma tu kwenye ukuta. Karatasi kamili alikuwa nayo baba mdogo, mimi nikiwa chini yake, kwa hiyo tukaenda wote wawili, nguo zetu za kanisani.

Mama mmoja wa dirisha la usajili aliangalia majina, akaona yanafanana, akachukua muhuri. Ndipo akauliza, kwa kupitisha muda tu, "So this is your daughter?" Baba mdogo angeitikia kwa kichwa tu yangeisha. Akasema, "No. Niece."

Eish. Kiingereza chake ni cha kuuzia viatu barabarani, nikadhani hakuelewa. Kwetu mtoto wa kaka yako ni mtoto wako, hilo neno "niece" halipo. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Papa, amekuuliza kama mimi ni mtoto wako."

Hakuniangalia. Akanijibu, "Nimesikia."

Muhuri ukarudi mezani. Yule mama akasema, kwa upole kabisa, kwamba kama ni hivyo tulete karatasi ya mahakama ya ulezi kabla masomo hayajaanza. Baba mdogo akaahidi kwenda. Wiki ya kwanza alikuwa na mafua, ya pili gari liliharibika, ya tatu akawa haongei na mimi. Nafasi ikapotea. Sababu nilikuja kuisikia kwa mama mdogo, mke wake, kwenye salon yake nilikokuwa namsukia, mikono yangu ikiwa kwenye kichwa cha mteja. Alimwambia rafiki yake, kama vile mimi sipo, "Huyu angeenda chuo nani angenisukia? Chuo ni ya watoto wenye wazazi."

Nilimalizia zile rasta. Zilitoka nzuri, mteja alishukuru. Siku hiyo ndipo chuki ilipoanza, na sioni aibu kuisema. Nilihama, nikatafuta karatasi yangu mwenyewe nikaipata mwaka jana, lakini bado nasuka.

Bon. Mwaka huu Gracia amefaulu, chuo kilekile. Dirishani wameona jina lake na la baba yake hayaendani, na hati ya kuzaliwa ilibaki Kongo. Wanataka mtu mzima aliyekuwa kwenye dosiye ileile tangu mwanzo aje athibitishe. Mama yake hafai, dosiye yake ni nyingine. Nimebaki mimi peke yangu.

Jumamosi baba mdogo alinifuata salon ninakosuka sasa, imejaa wateja, akasimama kofia mkononi. Akaniita "Majina", mara ya kwanza kwa miaka mitano. Akasema, "Useme tu Gracia ni dada yako, baba yenu ni mmoja."

Nilicheka mpaka mteja akageuka. Kisha nikamwambia nitakuja. Alilia, akanibariki. Hajui kwa nini nimekubali.

Nimekubali kwa sababu nimejifunza neno langu. "No. Cousin." Na sitakuwa nimedanganya, kwa Kiingereza mtoto wa baba mdogo ni cousin, si dada. Jina la baba mdogo liko kwangu, kwenye karatasi mimi ndiye binti yake, sasa waone wao mtoto wa ndugu ni nani.

Gracia hana kosa, najua. Ananiita yaya, yaani dada mkubwa, na jana ameniandikia kwamba hakuwahi kujua yaliyotokea dirishani. Nimesoma ujumbe wake mara nyingi, ndiyo maana nimewaandikia. Lakini na mimi kosa langu lilikuwa nini?

Tunaenda Alhamisi. Blauzi nimeshaipiga pasi, ni ileile ya siku ile. Msinihubirie msamaha, huo nausikia kila Jumapili. Nishaurini hili moja tu. Yule mama akiniuliza kama Gracia ni dada yangu, nimwokoe mtoto wa watu? Au niseme neno langu, na baba mdogo akininong'oneza, "Majina, amekuuliza kama ni dada yako," nisimwangalie, nimjibu tu, "Nimesikia"?