Nilivyomsingizia uchawi bingwa wa game ya magari Lodwar, na nilivyoirudia game yenyewe juzi

Ejok noi, wakuu.

Nimekaa humu jukwaani miaka mingi nikisoma nyuzi za watu na kucheka peke yangu. Leo zamu yangu imefika. Hiki ni kisa changu mwenyewe, hakuna cha rafiki ya rafiki, na nitakisema kama kilivyo mwanzo mwisho.

Wakuu wa Bongo mtanivumilia Kiswahili. Mimi ni wa Lodwar. Huku ngeli tunazikanyaga kila siku na hakuna aliyewahi kushtakiwa.

Haya, twende.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa darasa la sita. Lodwar nzima, kwa sisi watoto, ilikuwa na game moja. Sisemi aina moja ya game. Nasema game moja.

Ilikuwa ya Mama Shiku. Huyu alikuwa mfanyabiashara aliyehamia kutoka Nyeri, ana duka la chumvi, betri na malapa, na nyuma ya duka kuna chumba cha mabati chenye TV. Ndugu yake alimletea mashine ya game yenye controller nne na kaseti moja. Maandishi yote kwenye skrini yalikuwa ya Kijapani. Jina lake hakuna aliyelijua, kwa hivyo tuliiita Gari Vita.

Kwa ambao hamkubahatika: kuna magari manne madogo. Madereva ni kondoo mwenye miwani, bibi kizee, askari mnene na kuku. Mnashindana mizunguko mitatu. Njiani kuna masanduku, ukiligonga moja unapewa silaha. Unaweza kupata mafuta ya kumwaga barabarani, gundi, kombora, au nyuki.

Nyuki ndio walikuwa kiboko. Wakiachiliwa wanamtafuta aliye mbele popote alipo na kumng'ata mpaka gari linapinduka.

Chumba chenyewe kilikuwa tanuri. Mashine ilichemka kiasi kwamba mmoja wetu alikuwa na kazi ya kuipepea kwa kipande cha katoni, kama mtu anayechoma nyama. Stima ikipotea katikati ya mzunguko wa tatu, vita vilitoka kwenye skrini vikahamia chumbani.

Bingwa nilikuwa mimi. Naitwa Ewoi, dereva wa kondoo. Nilikuwa natoka mbele na kumaliza mbele. Nilikuwa natembea sokoni kama mbunge, nikisalimia watu ambao hawakuwa na habari na mimi.

Kisha akaja Lual.

Lual alikuwa rika langu, mtoto wa Sudan, wazazi wake wakiwa kambini Kakuma. Kanisa lilimtafutia nafasi ya shule Lodwar. Mama Shiku alikuwa ameokoka mwaka uleule na moto bado unawaka, akakubali Lual aishi kwake. Alikuwa kijana mrefu, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa na umri wa miezi mitatu.

Hesabu alitushinda wote darasani. Na alikuwa na jambo moja tu alilomwambia kila mtu, hata asiyemuuliza: atafanya mtihani wa darasa la nane Lodwar, aende sekondari. Alilisema kwa utulivu kama mtu anayekuambia kesho ni Jumanne.

Wiki mbili za kwanza Lual hakucheza. Alikaa juu ya kreti ya soda, akatuangalia. Siku moja akaomba controller.

Akachagua kuku.

Wakuu, kuku alikuwa hachaguliwi na mtu. Sisi tulikuwa wanaume wa miaka kumi na miwili. Tulicheka mpaka aliyekuwa anapepea akasahau kupepea.

Mzunguko wa kwanza Lual alikuwa wa mwisho. Wa pili, wa mwisho, tena mbali sana. Wa tatu akagonga sanduku, nyuki. Sanduku lingine, kombora. Lingine, nyuki tena. Mimi na kondoo wangu tulipinduka mara tatu, na kuku akavuka mstari akiwa hana hata mkwaruzo.

Tukasema ni bahati ya mgeni. Kesho yake, vilevile. Keshokutwa yake, vilevile.

Na kila alipocheza, midomo yake ilikuwa inasema neno moja, polepole: "Wara, wara, wara."

Sasa sikilizeni. Mama Shiku alitangaza mashindano ya Jumamosi ya kufunga shule. Mshindi atapigwa picha na mpiga picha wa studio ya mjini, na picha itatundikwa dukani ukutani, juu ya malapa, kila mteja aione. Mimi hiyo picha nilikuwa nimeshaiona kabla haijapigwa. Nilikuwa nimeshaamua hata shati.

Wiki hiyohiyo mhubiri mgeni alikuja mjini na mada yake ilikuwa mapepo yanayoingia nyumbani kupitia TV. Mama Shiku alirudi kutoka mkutano wa Jumanne akaitazama TV yake kwa jicho ambalo hakuwahi kuitazama nalo.

Jumatano nilienda kaunta yake.

"Mama," nikamwambia, "Lual kuna kitu anaita. Anakiita Wara. Akikiita tu, sanduku linampa nyuki."

Niliamini kabisa, wakuu. Mtoto wa darasa la sita, mahubiri wiki nzima, lugha usiyoielewa, masanduku yanayomtii mtu. Hata wewe ungeamini.

Mama Shiku aliingia chumbani, akazima TV, akatusimamisha wote. Tulikuwa wanne: mimi, rafiki yangu Ekiru, mpepeaji wa siku hiyo, na Lual.

"Lual, mwanangu," akasema. "Hakuna mtu atakuchapa. Niambie tu ukweli. Wara ni nani?"

Lual alimtazama akitafuta neno la Kiswahili. Hakulipata. Basi akafanya ambalo mtu yeyote angefanya. Akanyoosha kidole, akaonyesha nyuma yetu.

Tuligeuka wote kwa pamoja. Palikuwa na mabati na kalenda. Lakini Ekiru hakungoja kuona kalenda, alishafika barabarani na lapa moja.

"Ako nyuma yetu?" Mama Shiku akauliza, sauti imeshuka.

Lual alifurahi sana kuona hatimaye ameeleweka.

"Ndiyo mama," akasema. "Wara nyuma. Mimi napenda nyuma. Nyuma iko na nguvu."

Hapo kesi ikaisha.

Ijumaa gari la kanisa lilikuwa linapeleka unga Kakuma. Lual alipandishwa nyuma pamoja na magunia, na sanduku lake la bati la shule. Mama Shiku alimpa mkate na alikuwa analia. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Aliogopa tu, na aliyemtia woga mnamjua.

Lual aliuliza neno moja kabla gari halijaondoka: "Mtihani?"

Mimi nilikuwa pale nimesimama na baiskeli ya watu, naangalia tairi.

Jumamosi nilishinda mashindano. Nikapigwa picha. Shati lilikuwa lile lile nililopanga.

Jumapili Mama Shiku aliamua kuitakasa mashine ili mabaki ya Wara yaondoke. Akaombea mafuta ya kupikia, akaipaka. Alikuwa mkarimu na mafuta. Mengine yakaingia pale kaseti inapochomekwa. Jumatatu tulipoiwasha ilitoa moshi na harufu ya chapati, na huo ukawa mwisho wa Gari Vita Lodwar.

Watu walisema ni laana ya yule kijana. Na mimi nilitikisa kichwa kwa huzuni pamoja nao.

Sasa tufunge hiyo sehemu, tuje leo.

Mimi ni mtu mzima, kazi yangu ni kutengeneza pampu za visima. Nina binti wa miaka kumi na mmoja. Likizo iliyopita alikuwa na laptop ya kuazima iliyojaa game za zamani. Napita nyuma yake na chai yangu, naona kondoo mwenye miwani.

Nilikaa chini hapohapo. Niwaambie ukweli, machozi yalitaka kunilengalenga. Nikamwambia, sogea nikuonyeshe, baba yako alikuwa bingwa wa wilaya hii.

Akachagua kuku. Akanifunga mara sita mfululizo.

"Baba, mbona unakimbilia mbele?" akaniuliza.

"Si ni mashindano?"

"Lakini ukiwa mbele game inakupa mafuta tu. Ukiwa wa mwisho inakuhurumia, inakupa nyuki. Kaa nyuma kwanza, halafu mzunguko wa mwisho uwapite wote. Kila mtu anajua hiyo."

Nikaweka controller chini. Nikamwambia nimeshtuka, kumbe ndivyo ilivyo.

Wiki mbili baadaye kazi ikanipeleka Kakuma, pampu imeharibika. Nimekaa kibandani nakunywa chai, lori linaingia sokoni kinyumenyume. Turnboy wake, yaani utingo, amesimama kando, anagonga ubavu wa lori na kiganja, anapaza sauti: "Wara! Wara! Wara!"

Nikamuuliza mwenye kibanda huyo anamwita nani.

"Hamwiti mtu," akasema. "Hiyo Kiarabu ya Juba. Wara ni nyuma. Anaambia dereva rudi nyuma."

Wakuu, chai ilipoa mkononi. Yule mtoto alikuwa anajikumbusha mwenyewe: nyuma, nyuma, nyuma. Kaa nyuma, usiwe na haraka. Tulimwuliza maana yake, akatuonyesha kwa kidole, na tukamfukuza kwa jibu sahihi.

Kumpata hakukuchukua siku nzima. Lual hakuondoka Kakuma. Ni fundi wa simu, ana meza yake na mwavuli, karibu na wauza nguo. Mrefu bado, mvi kidogo. Nilisimama mbele ya meza yake.

"Ewoi," akasema bila kuinua kichwa sana. "Wa kondoo."

Akanipa stuli. Akaniuliza habari za nyumbani, za mama, za mvua. Nikajibu zote. Kisha nikamweleza: binti yangu, nyuki, lori, wara. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa sababu hatukuielewa lugha yake.

Aliendelea kufungua simu ya mtu, skrubu moja moja.

"Mtihani nilifanya hapa kambi," akasema. "Nilichelewa miaka tatu. Shule ya Kakuma ilikuwa imejaa, nilingoja. Sekondari sikuenda, baba alikuwa mgonjwa. Si wewe hiyo. Ile miaka tatu ndio wewe."

Nilitazama skrubu alizozipanga mezani.

"Nataka uliza kitu moja," akasema. "Mama aliamini. Yule rafiki yako aliamini, nilimwona akikimbia. Wewe, ndugu yangu, uliamini?"

Wakuu, hapo juu nimeandika kwamba niliamini kabisa. Sijaifuta kwa makusudi, muone ninavyokisimulia hiki kisa kila mahali miaka yote hii. Watu hucheka. Pale kwenye kalenda wanacheka sana.

Sikuamini.

Nilimwona Lual akikaa nyuma tangu siku ya pili. Nilijua anafanya nini. Sikujua neno lake, lakini mchezo wake niliujua. Nilijaribu mwenyewe wakati wengine wameenda kula, nikapata nyuki. Na ile Jumamosi nilishinda vipi? Nilikaa wa mwisho mizunguko miwili, nikawapita wa tatu. Binti yangu hakunifundisha kitu; nilikimbilia mbele kwa sababu mchezo wa Lual sikutaka kuugusa tena. Nilishtuka kusikia jambo hilo likisemwa kwa sauti, basi.

Nilimsingizia kwa sababu nilikuwa naitaka ile picha.

Nikamwambia Lual, "Hapana. Sikuamini."

Akaiweka bisibisi chini. Mteja mmoja akaja, akamhudumia kwanza.

"Sawa," akasema. "Mimi nilifikiri niliwatisha. Nilifikiri kuna kitu mbaya katika mdomo yangu. Mbele ya Wakenya niliacha kuongea lugha ya nyumbani, mpaka nikawa mtu mzima. Watoto wangu hawaijui vizuri. Kumbe wewe hukuogopa."

Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikuwa na uso wa kuomba mara ya pili. Aliniambia kitu kimoja tu: niende nikakisimulie kilivyo kweli kwa watu wengi kama wale niliowasimulia uongo.

Ndiyo maana ya uzi huu.

Nilichojifunza ni kifupi. Mtoto wa miaka kumi na miwili huwa anajua vizuri sana anachokifanya. Tusijifiche nyuma ya utoto, hasa tuliokuwa na akili.

Karibuni mchangie, hata matusi nitapokea. Na kama ulikuwa unaingia kile chumba cha mabati nyuma ya duka la Mama Shiku, ukawahi kumwambia mtu kwamba Lual alikuwa mchawi, basi rekebisha hapa chini kwa maneno yako mwenyewe. Nilimfungulia akaunti pale pale mezani kwake. Anasoma.