Tulivyokwenda Sur kuposa namba sita ya hoki

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimekuwa msomaji wa kimyakimya humu kwa muda mrefu, leo nimeona na mimi niseme langu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyasikia kupitia mlango ulioachwa wazi. Anayetaka kubisha abishe, ila kwa adabu.

Mimi ni mwanamke, mzaliwa wa Ibra huku Oman, wazee wangu walitoka Unguja. Ugonjwa wangu ni hoki. Msicheke.

Hoki nimeitazama maisha yangu yote kupitia kioo cha mbele cha gari. Kwetu mtaani wanaume hukaa kando ya kiwanja, wanawake tunabaki kwenye magari, na goli likiingia tunapiga honi. Marehemu mama alikuwa na honi ya kelele kuliko zote.

Timu yetu ni ya mtaa tu, lakini ina vizazi vyake, na kila kizazi nina mtu wangu.

Wa kwanza ni Mzee Khelef. Huyu mimi sikumdiriki, nimemrithi kwa hadithi za baba. Alikuja kutoka Unguja na gongo lake la mbao, akawa anacheza peku kwenye kokoto. Mkewe ndiye aliyemshonea namba sita mgongoni kwa kipande cha shuka.

Baada yake akaja Ami Nassor, ami wa heshima tu, si wa damu. Hapa wakuu naomba mnivumilie maana nikimtaja huyu sijui kunyamaza. Alikuwa beki, lakini kila penati kona alikuwa anapanda yeye. Alikuwa hapigi kwa nguvu. Anauvuta mpira taratibu, golikipa anaanguka huku, mpira unaingia kule. Nikiwa msichana mdogo nilikuwa nalala na picha yake akilini, na mama alijua, akawa ananitania mbele za watu.

Kizazi kilichofuata kilikuwa cha wafanyakazi wa kigeni. Tulikuwa na golikipa fundi cherehani kutoka Punjab, pedi za miguuni kajishonea mwenyewe kwa vipande vya godoro. Jamaa alikuwa ukuta. Alipomaliza mkataba akarudi kwao, mtaa mzima ulinuna.

Halafu ikaja miaka mikavu. Vijana wote wakahamia mpira wa miguu, wengine simu. Siku nyingine garini nilikuwa peke yangu.

Sasa turudi kwenye mkasa.

Kamati ya mtaa ilituambia wazi: kama hakuna mwalimu anayejulikana wa kufundisha watoto, kiwanja chote kinapewa watu wa mpira wa miguu. Tukahangaika, mwisho Ami Nassor, ambaye siku hizi anakaa Sur, akakubali kuja kila Ijumaa. Wazazi wakafurahi kwa sababu jina lake wanalijua. Mimi ndiyo usiseme.

Basi kaka yangu Salim, nahodha wetu, akaagiza jezi mpya Nizwa. Zilipofika akazigawa kwa kuangalia nani inamtosha. Kubwa kuliko zote ilikuwa namba sita. Akampa Juma.

Juma ni kijana wa Pangani, dereva wa gari la maji pale Ibra. Mrefu, mpole, na hoki aliicheza tangu skuli. Jumatano akimaliza kupeleka maji huwa anapita kiwanjani kuwaonyesha watoto namna ya kushika gongo, na hakuna aliyemwomba.

Salim akarusha picha kwenye group. Juma kasimama kwa mgongo, sita inang'aa.

Ami Nassor akajitoa kwenye group. Tukipiga simu hapokei.

Lazima niwaeleze hapa. Katika timu yetu namba ya mchezaji aliyestaafu haigaiwi, inaposwa. Ndiyo, kama mwali. Anayeitaka anakwenda nyumbani kwa mwenyewe na halwa, akiwa na msemaji wa upande wake, mtu mzima anayejua kwao. Mwenye namba akikubali anaonja halwa, kisha anamlisha mposaji. Utani ulioanza zamani, lakini umekuwa sheria. Nassor mwenyewe aliiposa sita kwa Mzee Khelef.

Na Salim aliyajua haya yote! Eti alisahau. Nilimsema mpaka mkewe akamwonea huruma.

Ijumaa baada ya sala tukanunua halwa, tukashika njia ya Sur: mimi, Salim na Juma. Juma ndiye aliyeendesha, kavaa kanzu ya Salim inayomwishia juu ya vifundo vya miguu. Tulipopita njia panda ya Wadi Bani Khalid akaniuliza, "Dada, akikataa nirudishe jezi?" Nikamwambia akikataa hata hicho kiwanja cha kuivalia hakitakuwepo. Akakaza macho barabarani hadi Sur. Nilijuta kumwambia vile.

Tukapokewa. Wanaume wakaingia majlis, sebule ya wageni, mimi nikapita ndani kwa Bi Zuwena, mke wa Ami Nassor. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanikalisha jikoni huku anatia kahawa kwenye birika. Mlango wa majlis kauacha wazi, nadhani makusudi.

"Yule mrefu nani?" akaniuliza.

Nikamweleza: Juma, gari la maji, watoto wa Jumatano, Pangani.

"Pangani ya wapi? Ng'ambo ya mto au huku mjini?"

"Sijui, bibi."

"Na mbona mwembamba hivi? Nani anampikia?"

Hilo nalo sikujua.

Huko majlis Salim kaanza maneno yake mazuri, kayapanga tangu Ibra. Ami Nassor akamkata. "Wewe Salim, mwali umeshamtorosha, umempiga na picha, sasa ndiyo unakuja kumposa? Wewe si msemaji. Khalas, nyamaza."

Kisha akamgeukia Juma. "Nani msemaji wako?"

Juma akajibu kwa sauti ndogo, "Mzee, mimi nchi hii sina mtu."

Wakuu, moyo uliniuma. Mimi nikaona basi, kiwanja kimekwenda, na aliyefedheheka ni kijana wa watu ambaye kosa si lake.

Bi Zuwena akaweka birika chini. Akajitanda mtandio wake, akatoka, akaingia majlis. Hakwenda kukaa kwa mumewe. Alikwenda kukaa ubavuni kwa Juma.

"Mama yangu kazaliwa Pangani," alisema. "Msemaji wake ni mie."

"Zuwena, umekaa upande gani?"

"Upande wa mwanamme. Haya, mwenye mwali, sema unataka nini."

Salim akacheka, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka, akaacha.

Ami Nassor akavua kofia, akaiweka gotini. Sauti aliyosema nayo ilikuwa nyingine. "Wallahi si jezi. Jezi ni kitambaa tu. Miaka mingapi nimekaa hapa, hajapata kuja mtu kuniuliza habari za hoki. Halafu naona namba yangu kwenye simu. Nikasema, basi hawa wameshanizika."

"Maiti haletewi halwa, Nassor," mkewe akamwambia. "Tizama, wamekuja."

Mimi jikoni nalia na kitambaa cha vyombo.

Alitaja mahari yake: Juma awe msaidizi wake, na mafunzo ya Jumatano yaendelee. Bi Zuwena akasema upande wetu tumekubali, ila kila Ijumaa mwanawe Juma ale chakula alichopika yeye kabla ya kuingia kiwanjani.

Ami Nassor akafungua bakuli la halwa. Akaonja. Kisha akachota tena, akamnyooshea Juma mkono.

"Haya, Sita. Kula."

Wakuu, sasa Ami Nassor anakuja Ibra kila Ijumaa, na mkewe kiti cha mbele na vyakula vyake. Watoto wamejaa. Kamati imetuachia kiwanja chetu. Na Bi Zuwena anakaa kwangu garini, anapiga honi hata mpira ukitoka nje.

Nilichojifunza: mimi niliyejiita shabiki wake namba moja, nilikuwa namkumbuka kila siku na sijawahi kwenda kumwamkia, na Sur siyo mbali.

Haya, uwanja wenu. Nitajieni wachezaji wenu wa kila kizazi, wa mchezo wowote. Na walio hai, semeni mara ya mwisho mlibisha hodi kwao lini.