Chumvi ya Dar Ndani ya Mashine ya Muhazi

Nilipoajiriwa kwenye karakana ya Masoro, huku Rwanda, niliwekwa kaunta, niuze vipuri. Nimezaliwa Tanga, baba yangu fundi wa mashine za boti, nami nimeshika spana kabla ya kalamu. Kaunta niliichukia tangu siku ya kwanza.

Mteja mmoja wa Ziwa Muhazi akaleta mashine ya boti aliyoinunua kuukuu Dar es Salaam. Ukiiwasha, dakika kumi inachemka. Mafundi wetu walibadilisha pampu ya maji mara mbili, kisha wakaamua ivunjwe iwe vipuri. Siwalaumu sana, maana wamezoea mashine za ziwani. Kwenye tundu la kutolea maji niliona ukoko mweupe, wao wakasema ni chokaa. Nikaukwangua kwa ukucha na kuulamba mbele yao. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Nikamwendea bosi, Mnyarwanda aliyekulia Uganda, nikamwambia ile ni chumvi ya bahari na nikaomba siku mbili. Tukaahidiana: mashine ikipoa, nahamia kwa mafundi moja kwa moja. Ikichemka, sitautaja ufundi tena. Akakubali haraka, nadhani kwa sababu hakuniamini.

Nilipofungua kichwa cha silinda, njia za maji zilikuwa zimeziba, hata msumari haupiti. Nikachokoa kwa waya, nikazijaza siki, nikaimwaga ilipochafuka, nikajaza tena. Siku nzima karakana ilinuka kachumbari, nao mafundi wakaniuliza chakula kitaiva saa ngapi. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilinisaidia kuchokoa.

Kesho yake nikafunga kichwa kwa gasketi mpya, tukaining'iniza mashine kwenye pipa la maji safi, nikawasha. Dakika kumi zikapita. Ikapita nusu saa. Maji yalitoka tunduni mfululizo, ya uvuguvugu tu, na kichwa cha silinda nilikigusa kwa kiganja bila kuungua.

Bosi alinisifu mbele ya wote. Kisha, kwa upole kabisa, kama vile hatukuwahi kuahidiana kitu, akasema, "Sawa dada, umefanya kazi. Sasa rudi kaunta, kuna mutu iko anangoja."

Nikavuta mashine iliyofuata kwenye foleni, nikaanza kulegeza bolti.

"Kaunta iko wazi, bosi," nikamwambia. "Tafuta mtu."