Utepe wa Tumbaku

Adija Khatibu alihamishiwa Kasulu kutoka Tanga mwaka 1975, kuendesha mashine ya teleksi. Alipopiga herufi, mashine ilitoboa matundu kwenye utepe wa karatasi. Kisha aliupitisha utepe huo kwenye mashine, habari ikafika Kigoma. Mwaka haukuisha kabla hajaweza kuusoma kwa kuupapasa tu, kama anayechambua mchele. Alijivunia ufundi huo, ingawa mjini hakuna aliyejua hata kama kuna cha kusifia.

Tepe zilizotumika zilitupwa kapuni. Mfagizi alizichukua akampelekea dada yake Odilia, muuza tumbaku, naye akazifanya kamba za kufungia matita.

Siku moja Odilia alipeleka tumbaku Mabamba, mpakani. Mgambo mmoja, Felician, akaona matundu yale.

"Mama, haya maandishi ya nani?"

"Ni kamba, mwanangu."

"Kamba gani ina matundu yaliyopanga foleni?"

Odilia akapelekwa Kibondo pamoja na tumbaku yake yote. Ofisa wa usalama, Afande Crispin, alijifungia siku mbili na utepe ule. Akaamua kila matundu matano ni kikosi, na kila nafasi tupu ni mto. Alichora ramani nzuri sana, mpaka mto mmoja ulipompandia mlima. Hapo akatuma Landrova Kasulu kumleta mtu wa teleksi.

Adija aliutazama utepe akabana kicheko. "Afande, huu umetoka kwangu. Ni habari ya mtu tu."

"Isome kwa sauti, karani aandike."

"Nimekula kiapo, Afande. Habari za watu hazisomwi hadharani."

"Nimekwambia soma!"

Adija akashusha pumzi, akapitisha vidole. "Kwa mara ya sita... naomba uhamisho kutoka Kibondo. Mama mkwe alikuja Pasaka kututembelea... hadi leo hajataja siku ya kuondoka. Amekalia kiti changu. Popote mtakaponipeleka..."

Karani aliandika mbio, ulimi nje. "Jina la mwandishi?"

Afande Crispin alikuwa amebadilika rangi. Mwezi uliopita alikwenda Kasulu mwenyewe kutuma habari, na utepe hakuwahi kuuona.

"Inatosha!" akafoka. "Hiyo ni siri ya taifa!"

Felician akapiga saluti. Hakuwahi kukamata jambo zito namna ile.

Odilia aliachiwa saa ile ile, tumbaku ikiwa pungufu, maana walinzi walikuwa wameuvuta ushahidi. Ndani ya Landrova akanong'ona, "Dada, kamba zangu zilisema nini?"

"Mambo ya ofisini," Adija akajibu, akageukia dirishani mabega yakimtikisika.

Wiki tatu baadaye jibu likaingia kwa mashine yake: uhamisho umekubaliwa, Lindi. Adija akalitia kwenye bahasha, akaibandika kwa gundi mara mbili. Walioshuhudia lori likiondoka Kibondo wanasema Afande alipanda nyuma, juu ya magodoro. Mbele, pembeni ya dereva, alikaa mama mkwe na kuku wake wanne.