Pacha Yupi

Asubuhi ile nilikuwa bustanini kwangu, Masumbwe, nimeinamia maua, natazama vipepeo wawili wa rangi ya chungwa. Ncha za mabawa nyeusi, vitone vyeupe, sura ile ile. Wanangu mapacha ndio walionifundisha kuwatofautisha walipokuwa wadogo, nami nikawacheka kwamba hawana kazi. Tazama bawa la nyuma, Mama: huyu ana madoa matatu katikati, yule ana doa moja tu, kwenye ukingo wa juu. Wa madoa matatu ni mchungu, ndege hamtaki. Wa doa moja hana uchungu wowote, anaponea sura ya mwenzake.

Wanangu wenyewe niliwajua hivyo hivyo. Mdogo ana doa jeusi nyuma ya sikio la kushoto, mkubwa hana. Baba yao aliwachanganya mpaka anaingia kaburini. Mimi sikukosea hata siku moja, na nilijivuna nalo sana.

Simu ikaita. Alikuwa mchimbaji mwenzao, kutoka machimbo ya upande wa Segese.

"Shikamoo, mayu, mama yetu. Duara letu, shimo tunalochimba, limetitia. Pacha hatunaye."

"Pacha yupi?"

"Mayu, sisi huku wote tunawaita Pacha."

"Aliyebaki mpe simu!"

"Haongei, mayu. Tumempakia kwenye gari, anakuja huko."

Kula nao, kulala nao, kushuka nao shimoni, halafu hujui nani ni nani! Nilimtukana mtoto wa watu mpaka akakata simu. Kisha nikakaa chini, juu ya mchicha wangu. Nilitaka kuomba nikashindwa. Nitamwombeaje mmoja bila kumwombea mwingine kifo? Roho iliniuma nikatamani gari lisifike.

Likafika jioni. Alisimama getini, uso wa wote wawili, vumbi mpaka kwenye kope. Nilishindwa kumwita. Hakuniamkia. Alinisogelea, akainama, akalikunja mwenyewe sikio lake la kushoto ili nione.

Doa lilikuwepo. Nilimkumbatia aliye hai huku namlilia mkubwa wake, na sikujua nimshike vipi.

"Ilikuwa zamu yangu, Mama," akasema begani kwangu. "Nilikuwa na homa. Kaka akavaa nguo zangu, akashuka. Hakuna aliyemtambua."