Ng'ombe wa Udongo na Ndege ya Fundi

Mwenye shule alikuwa mfanyabiashara wa mbaazi kabla hajagundua kwamba shule nayo ni biashara. Siku aliyonipokea alinizungusha madarasa yote, akamalizia na darasa la awali, ambalo ndilo lingekuwa langu. Akatoa ufunguo mfukoni mwa shati, akafungua kabati la vioo. Ndani mlikuwa na matofali ya plastiki ya rangi, wanasesere, na picha za kuunganisha vipande. Vyote vilikuwa bado ndani ya nailoni zake.

"Hivi ni vya siku za ukaguzi," alisema. "Na mzazi mpya akija kuangalia shule. Watoto wasiviguse, wanavunja."

Nilimwuliza, siku zisizo za ukaguzi watoto wanachezea nini.

"Mwalimu, hawakuja kucheza. Wamekuja kusoma."

Akafunga kabati. Nimefundisha watoto wadogo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nimeona kwamba asiyejua chochote kuhusu watoto ndiye huwa na uhakika kuliko wote.

Shule ilikuwa Nangara, pembeni mwa mji wa Babati, jengo jipya la rangi ya njano. Ukutani walichorwa watoto wa Kizungu wenye nywele za dhahabu wakiruka kamba. Chini ya picha hiyo, watoto wetu halisi, wa miaka minne na mitano, walikaa kwenye madawati kuanzia asubuhi mpaka mchana wakikariri kwa Kiingereza majina ya matunda ambayo hata mimi sijawahi kuyaonja. Waliimba vizuri. Ukimwuliza mmoja wao tunda hilo likoje, anakutazama tu.

Jioni walirudi nyumbani na kurasa za kunakili. Mama mmoja aliniambia kwa fahari kwamba mwanawe halali mpaka amalize kazi za shule. Niliposahihisha daftari la mtoto huyo nilikuta herufi zimenyooka, zimelala upande mmoja kama za karani mzoefu. Mama alikuwa ameandika zote mwenyewe. Nikampa vema. Alistahili, alikuwa na mwandiko mzuri.

Nilianza yangu kimya kimya. Nyuma ya jiko la shule palikuwa na udongo wa mfinyanzi, mweusi, unaoshikana vizuri ukilowa. Nikaokota visoda vya chupa kwenye baa ya jirani, nikaomba magunzi ya mahindi kwa mpishi. Saa ya mapumziko niliwatoa watoto nje, nikawapa udongo na ndoo ya maji, nikakaa pembeni. Sikuwaambia watengeneze nini. Siku ya kwanza walibaki wamenitazama. Walikuwa wamezoea kuambiwa, na mtoto wa miaka mitano anayesubiri ruhusa ya kushika udongo ni kazi ya watu wazima wengi walioshirikiana kumharibu.

Kulikuwa na binti mmoja ambaye hakuwahi kusema neno darasani. Wazazi wake walikuwa wakulima waliohamia Singe kutoka Mbulu, na nyumbani walizungumza Kiiraqw tu. Mwalimu wa taaluma, kijana aliyependa sana tai, alishaniambia nisipoteze muda naye.

"Huyo kichwa chake ni kizito, madam. Hata salamu hajibu."

Binti huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchota udongo. Alifinyanga ng'ombe, akavunja miiba kwenye ua wa shule akamwekea pembe. Akafinyanga mwingine, mdogo, akamsogeza karibu na tumbo la yule mkubwa. Mtoto wa familia ya wafugaji waliotoka Simanjiro alichuchumaa mbele yake, akatazama kwa makini, akamwambia, "Hana nundu." Binti akafikiri kidogo, akabandika nundu.

"Huyu nani?" nikauliza, nikigusa ng'ombe mkubwa.

"Mama," akasema.

"Na huyu?"

"Mtoto." Kisha, bila kuulizwa, akanionyesha wa tatu aliyekuwa bado mkononi mwake. "Huyu mkali."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza shuleni. Nilipomsimulia mwalimu wa taaluma, aliniuliza kama ameyasema kwa Kiingereza.

Ndani ya wiki chache tulikuwa na boma zima. Magunzi yakawa ukuta, visoda vikawa maji ya kunyweshea. Tulihesabu ng'ombe wakitoka, tukahesabu wakirudi. Tukapeleka wengine mnadani, tukajua wamebaki wangapi. Watoto walibishana, wakapatanishana, wakatunga hadithi ya fisi. Binti wa Singe ndiye aliyekuwa mwenye boma, na Kiswahili chake kilikua kama mahindi ya masika, kwa sababu sasa alikuwa na mambo ya kusema. Jua lilipowakausha ng'ombe, tuliwapanga kwenye dirisha la darasa.

Muhula ulipokaribia kwisha, mwenye shule alitangaza Siku ya Ubunifu. Kila mtoto alete kitu alichobuni nyumbani, na kitakachoshinda kipewe zawadi. Sijui alilisikia wapi neno hilo. Lakini wazazi walilichukua kwa nguvu zote. Kwenye kundi letu la simu hakuna aliyeuliza mtoto anapenda kutengeneza nini. Waliulizana namba za mafundi seremala.

Asubuhi ya siku yenyewe bajaji na magari yalianza kushusha ubunifu. Ilikuja nyumba ya mbao yenye vioo na taa. Likaja ziwa Babati ndani ya sanduku, lina viboko wa duka na mitumbwi yenye nanga. Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi alileta ndege kubwa ya mabati, imepakwa rangi kwa mashine, mapanga yake yanazunguka kwa betri. Iliingizwa na wanaume wawili. Mwanawe alitembea nyuma yake akiwa amevaa tai ndogo, na kila aliponyoosha mkono baba yake alimzuia.

"Usiguse. Utaharibu."

Maneno hayo niliyasikia kila meza. Watoto walisimamishwa nyuma ya vitu walivyovibuni, mikono nyuma kama askari, wakikariri maelezo waliyoandikiwa.

Nilikwenda darasani kuwachukua ng'ombe. Dirisha lilikuwa tupu, limefutwa, limewekewa maua ya plastiki. Nikamkuta mwenye shule varandani.

"Ng'ombe wa watoto wako wapi?"

"Yale matope? Nimewaambia wasafishaji wayatoe. Mwalimu, leo tuna mgeni rasmi. Wazazi walipe ada halafu waje waone matope?"

"Wameyafanya watoto wenyewe."

"Ndivyo inavyoonekana," alisema, akaenda kupima urefu wa kapeti jekundu.

Nilipogeuka, binti wa Singe alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia. Alinishika sketi akasema, pole pole, kila neno mahali pake, "Mwalimu, ng'ombe wetu wametupwa. Wako shimoni. Twende tuwatoe."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema. Nilimwambia tutakwenda, ila asubiri kidogo, mgeni rasmi anashuka kwenye gari.

Mgeni rasmi alisema juu ya ubunifu mpaka jua likatuchoma. Alisema mtoto aachwe avumbue, na watu wakapiga makofi, wengi wao wakiwa wamewashika watoto mabega wasije wakagusa meza. Ndege ikapata zawadi ya kwanza. Baba akapanda jukwaani kupokea. Mtoto alipoona sasa imekwisha, ameshinda, akalishika bawa la ndege kwa mikono miwili aivute chini aichezee. Baba akambandua mikono mbele ya watu wote. Mtoto akaangua kilio, na mshereheshaji akaongeza sauti ya muziki.

Hapo ndipo nilipomshika mkono binti wa Singe, tukapita nyuma ya turubai mpaka kwenye shimo la taka. Ng'ombe wengi walikuwa wamevunjika. Akachuchumaa, akaanza kuchagua wazima. Mara nikasikia miguu. Wenzake walikuwa wanatufuata, wawili, halafu watano, halafu darasa zima. Mtu alileta maji kutoka jikoni. Waliovunjika wakalowekwa, wakafinyangwa upya. Mwenye ndege naye alifika, pua imejaa makamasi, tai imelegea. Hakuna aliyemwuliza kitu. Binti akampa donge la udongo, akamwambia, "Tengeneza fisi."

Wazazi walipotukuta, soksi nyeupe zilikuwa nyeusi mpaka magotini. Mama mwenye mwandiko mzuri alishika kichwa. Mfanyabiashara alimvuta mwanawe kwa sikio. Katika watu wazima wote waliosimama pale na nguo zao za sherehe, hakuna hata mmoja aliyetazama kile watoto walichoshika.

Mwenye shule aliniita ofisini baadaye.

"Umenidhalilisha," alisema.

"Umewasikia watoto walivyokuwa wanazungumza?"

"Nimeona soksi."

Mtu akitazama watoto akaona soksi, utamweleza nini? Nilimaliza muhula nikaondoka. Wazazi wa binti wa Singe nao walimtoa, na alipofika umri alianza darasa la kwanza shule ya msingi ya kata yao. Mama yake nilikutana naye sokoni akiuza maharage. Tulisalimiana, akacheka.

"Siku hizi anaongea mpaka tunamwomba apumzike," alisema. "Amewafundisha na wadogo zake kufinyanga. Ua wangu wote ni ng'ombe."

Mimi sasa nafundisha awali shule ya serikali. Watoto ni wengi kuliko madawati, na kabati hatuna. Jumamosi watoto wa majirani huja uani kwangu, tunakata maboksi, tunapanda maharage kwenye makopo, tunapika chakula cha majani. Wazazi wengine huchungulia juu ya ua wakauliza tunasoma nini, nikiwajibu hawaridhiki.

Jumamosi iliyopita mlangoni kwangu lilisimama gari kubwa jeupe. Alikuwa yule mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, pamoja na mwanawe, ambaye sasa amerefuka.

"Shikamoo mwalimu. Huyu hasomi vizuri, na nyumbani haongei. Wameniambia wewe una mbinu. Nataka tuisheni."

"Marahaba. Mwache hapa mpaka mchana. Lakini atachafuka."

Akafikiri, kama mtu aliyetajiwa bei mbaya.

"Sana?"

"Sana."

Mtoto alikuwa ameshavua viatu. Baba yake alirudi kumsubiri garini, akapandisha vioo vumbi lisiingie.